Kikombe cha Maji Matupu

Machinjioni walimwita Puliza, na jina alilopewa na mama yake lilikuwa limeshasahaulika hata kwake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa matumbo. Ng'ombe akishaanguka, akachunwa na kupasuliwa, vya ndani vilimwagwa mbele yake kwenye meza ya saruji vikiwa bado vya moto, vikitoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Aliyakamua yale matumbo, akayageuza nje ndani, akayasugua kwa chumvi, akayasuuza. Kisha alifunga fundo ncha moja, ncha ya pili akaiweka mdomoni na kupuliza. Mashavu yakavimba, utumbo ukavimba nao, ukajinyoosha mezani kama nyoka aliyeamshwa usingizini. Ukishika pumzi, ni mzima. Ukizomea mahali, pana tundu, na wenye tundu ulitupiwa mbwa nje ya ukuta.

"Puliza," waosha matumbo wenzake humtania, "mdomo huo mumeo anaubusu vipi?"

"Anafumba macho," hujibu yeye bila kuinua kichwa, "kama wako anavyoyafumba akikuona."

Mumewe alikuwa palepale, hatua chache tu kutoka mezani pake. Walimwita Nyundo kwa sababu ndiye aliyeishika. Ng'ombe aliletwa kwa kamba, akafungwa puani kwenye pete ya chuma, na Nyundo akampiga katikati ya paji la uso. Mara moja. Hakurudia pigo, na machinjioni hiyo ilikuwa sifa. Nyumbani nako hakurudia. Akikupiga mara moja, ya pili hukuihitaji.

Aliyepokea mnyama baada ya Nyundo alikuwa mchunaji, na huyo alikuwa mdogo wake Puliza, wa tumbo moja. Mama yao alikufa yule mtoto akiwa hajaota meno, na Puliza, naye bado msichana, akamtafunia chakula na kumtia mdomoni kama ndege anavyofanya. Baadaye Puliza hakujaliwa mtoto wake mwenyewe, kwa hiyo yule mdogo alibaki kuwa mdogo wake na mwanawe kwa pamoja. Alikua mtu mkimya mwenye mkono mwepesi. Kisu chake kilipita kati ya ngozi na nyama bila kuacha mkwaruzo, na ngozi ikavuka kama shati.

Fahali wawili hawakai zizi moja, wanasema, lakini hao walikaa miaka mingi, kwa sababu katikati yao palikuwa na Puliza akiosha.

Hadi asubuhi ile. Nyundo aliletewa fahali mweusi, akapiga, na kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, pigo likateleza. Fahali alipiga magoti, akainuka, akakata kamba na kukimbia sakafu nzima huku damu ikimtoka puani, akipindua ndoo na kutawanya watu. Walipomkamata, kila mtu alikuwa anatweta, na katika kutweta huko wanawake wakaanza kucheka. Puliza ndiye aliyelitoa neno.

"Leo nyundo imekuwa kijiko."

Kicheko kilijaa banda zima. Nyundo alivuka sakafu iliyolowa, viatu vyake vya mpira vikinyonya damu kwa kila hatua, akampiga mkewe kofi la uso. Puliza aliangukia ukingo wa meza, na jino likamtoka. Kofi la nyumbani alilijua. Hili la mbele ya watu lilikuwa geni.

Mdogo wake alikuwa ameinamia ngozi. Alisimama na kisu mkononi, akaja. Alikichomeka chini ya kitovu cha shemeji yake na kukivuta kwenda ubavuni, sawasawa na anavyofungua ngozi ya mnyama.

Nyundo alitazama chini. Alionekana mtu anayeshangaa kifungo kilichokatika.

Puliza ndiye aliyemwahi. Alipiga magoti damuni, mdomo wake mwenyewe ukivuja, akayadaka yale yaliyokuwa yakimtoka mumewe, kwa sababu mikono yake haikujua kazi nyingine. Yalikuwa ya moto kama ya ng'ombe. Aliyakusanya, akayafunika kwa kitambaa kilicholowa, akayabana. Na pale alipoyabana aliyasikia: yalizomea. Si mahali pamoja.

Machinjioni pale wana desturi yao. Mtu akimwaga damu ya mwenzake kwa kisu cha kazi, kisu kile huning'inizwa kwenye msumari wa mlangoni, kama kilivyo, bila kuoshwa, na hakuna anayekigusa mpaka aliyechomwa aje kukichukua mwenyewe. Akishakichukua, afanyalo nacho ni lake. Akifa, huzikwa nacho. Siku ile kisu cha mchunaji kilitundikwa, na nzi wakakivamia kabla gari la wagonjwa halijafika.

*

Hospitalini walikata kilichochanika, na siku chache baadaye wakamfungua tena, wakakata kilichogeuka cheusi. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alimwita Puliza pembeni ya kitanda.

"Mama, utumbo wa mtu mzima ukiunyoosha ni mrefu kuliko chumba hiki. Wa mume wako umebaki wa kufika hapo dirishani."

Puliza alipima kwa macho kutoka kitandani hadi dirishani. Urefu ule kazini aliuosha kwa pumzi moja.

"Na ulioubakiza," aliuliza, "unashika upepo?"

Daktari alikaa kidogo kabla ya kuelewa. "Unashika. Lakini ni mfupi. Chakula kinapita kama maji kwenye bomba, mwili hauwahi kuchukua kitu. Kwa sasa tutamlisha kwenye mshipa."

Mpira mwembamba uliingizwa chini ya mtulinga, na humo kikapita chakula cheupe kama maziwa, tone baada ya tone. Nyundo, mtu aliyekuwa akimaliza sinia la nyama na kulamba vidole, alilala akilishwa kifuani na hakuonja kitu. Nyama ya mabega iliyeyuka. Lakini njaa haikumsumbua kama kiu. Midomo yake ilipasuka, ulimi ukawa kipande cha ngozi kavu.

"Maji, mke wangu. Maji."

Walikuwa wamemkataza Puliza. Wangemweleza kwa nini, pengine angesikia. Lakini walimwambia tu asimpe, na yeye alikuwa mwosha matumbo. Maisha yake yote alijua jambo moja, kwamba utumbo unapatana na maji. Uchafu ndio unaouozesha, maji ndiyo yanayouponya. Alisubiri muuguzi atoke, akampa kikombe. Akampa cha pili. Nyundo akanywa huku machozi yakimtoka kwa raha.

Kabla ya chakula cha mchana yote yalikuwa yametoka, na mengine ambayo hakuyanywa yakafuatana nayo. Shuka zilibadilishwa, zikabadilishwa tena. Macho yakamzama, vidole vikakakamaa, moyo ukaanza kuruka kama panya ndani ya kopo. Wauguzi walikimbia. Mmoja alipanda kitandani, mwingine akamchoma mshipa wa shingo, damu ikaruka mpaka kwenye pazia.

Alipotulia, muuguzi mkubwa, mama mnene mwenye sauti ya chini, alimshika Puliza mkono akampeleka kwenye sinki.

"Umempa nini?"

"Maji tu."

"Maji tu." Muuguzi alifungua bomba, likatiririka. "Nisikilize, mwanangu. Utumbo mfupi ukipata maji matupu hauyanywi. Yanafika mle, yanavuta chumvi ya mwili, yanatoka nayo mbio. Akinywa, anakauka. Akikauka, kiu inazidi, anakunywa tena. Unaweza kumuua mtu hivi huku unampenda." Alifunga bomba. "Chai nyepesi, soda, maji matupu, marufuku. Atakunywa maji yenye chumvi na sukari, kwa kipimo nitakachokuonyesha, funda kwa funda. Hayo ndiyo utumbo wake unaweza kuyashika."

Puliza alitazama tone la mwisho likining'inia kwenye bomba. Tangu siku ile aliliogopa bomba kama wengine wanavyoogopa kisu.

*

Polisi walikuja Nyundo alipoweza kuzungumza. Mchunaji alikuwa mahabusu, akisubiri neno la Nyundo.

"Nani alikuchoma?"

"Nilijikwaa," alisema Nyundo. "Nikakiangukia kisu."

"Banda zima limeona."

"Banda zima lilikuwa linacheka. Nilijikwaa."

Wakaandika, wakaondoka, na mchunaji akaachiwa. Puliza alitaka kuushika mkono wa mumewe aubusu, lakini Nyundo aliurudisha chini ya shuka.

"Usinishukuru. Nimemtoa kule kwa sababu kule simfikii. Siku nitakayokula sahani ya nyama, ikakaa tumboni, isinikimbie, nitakwenda kukichukua kile kisu msumarini. Kwa hiyo unilishe vizuri, dada mtu. Kila kijiko utakachonitia mdomoni, ujue kinakwenda kwa nani."

Daktari alikuja na dawa mpya, sindano ya homoni, ambayo hospitali ile ilikuwa ikiifanyia majaribio. Alimweleza Puliza kwamba mwishoni mwa utumbo pana sehemu ambayo, chakula kikifika, huwatumia wenzake salamu: kueni, tulieni, msikiache kikapita hivi hivi. Kwa Nyundo, sehemu hiyo ilikwenda kwenye ndoo. Sasa wangejaribu kutuma salamu hizo kwa sindano.

"Umewahi kuona utumbo kwa ndani?" aliuliza daktari.

"Kila siku. Ni kama taulo."

"Basi nyuzi za taulo hilo zinaweza kurefuka. Zikirefuka, zinafyonza zaidi. Lakini sindano peke yake haitoshi. Lazima chakula kidogo kipite mle, kila siku, hata kama kingi kinatoka. Utumbo usiofanya kazi hunyauka. Siahidi kitu, mama. Tunajaribu."

Puliza alifundishwa kuchoma. Kila asubuhi alibana ngozi ya tumbo la mumewe, pembeni ya kovu lililofanana na barabara mbovu, akasukuma sindano. Baadaye waliporuhusiwa kurudi nyumbani, mpira wa kifuani bado upo, alikuwa ameshajifunza kuusafisha na kuufunga mfuko wa chakula cheupe. Alipika wali akauponda. Alichemsha yai. Alimlisha kidogo kidogo, mara nyingi, akimsimamia atafune mpaka kiwe uji.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili vyenye bati lililotoboka, na vita vilikuwa humo. Nyundo alichukia yale maji ya chumvi. Alisema yana ladha ya machozi ya mtu mwingine. Aliyatema. Alitupa sahani ukutani. Siku moja alimrushia mkewe kikombe, kikampasua nyusi, na alipoona damu akanyanyuka kwenye godoro kummalizia kwa kofi. Kofi lilifika bila uzito, kama kofi la mtoto anayeota.

Puliza aliweka kijiko chini. Akamzaba lake. Kichwa cha Nyundo kilipiga ukuta.

"Jaribu tena," alisema Puliza. "Leo tunalingana. Kesho utakuwa na nguvu, kwa sababu mimi ndiye ninayekupa. Fikiri hilo unapotafuna."

Akaokota kijiko, akakisuuza, akaendelea kumlisha. Damu ya nyusi ikamdondokea kwenye wali, na Nyundo akala.

Machinjioni, mdogo wake alikuja mezani kila siku kwa namna moja. Alisimama, akashika pembe ya saruji.

"Dada, anaendeleaje?"

"Anakula yai."

"Zima?"

"Nusu."

Kijana akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepimiwa sanda. Wiki zikapita, ikawa yai zima. Ikawa samaki aliyechambuliwa. Mfuko mweupe ukawa unafungwa siku moja na kuachwa siku nyingine, kisha ukaachwa kabisa, na daktari akauvuta ule mpira wa kifuani, na muuguzi mkubwa akapiga makofi. Puliza pia alipiga. Alikuwa analia, na hakujua alilia kwa ajili ya nani kati ya wawili.

"Ondoka mji huu," alimwambia mdogo wake. "Mwili umemrudia. Jana aliinua nyundo."

"Nikiondoka, atabaki na nani wa kumpiga?"

"Si kazi yako."

"Ilikuwa kazi yako kunitafunia chakula?" Aligeuka kwenda kwenye ngozi zake. Mlangoni kisu chake kilikuwa bado kinaning'inia, chekundu cha kutu na cha kitu kingine.

*

Siku yenyewe ilifika kama siku ya kawaida tu. Jioni Nyundo aliomba nyama, Puliza akapika nyama laini isiyo na mafuta, akajaza sahani. Nyundo alitafuna taratibu mpaka sahani ikang'aa, akakaa, akasubiri, mkono juu ya kovu. Tumbo likanyamaza. Akalala kama mtoto.

Alfajiri alivaa viatu vyake vya mpira.

"Leo," alisema. Kisha, kama alivyosema kila asubuhi, kwa mazoea tu, kama mtu anavyosalimia: "Naomba maji."

Na kila asubuhi Puliza humjibu, "Utakufa, mjinga wewe," na kumpa kikombe cha chumvi na sukari. Asubuhi hii hakujibu. Alikwenda kwenye mtungi, akachota, akamletea. Maji matupu, baridi, kikombe kimejaa mpaka kinamwagika.

Nyundo alikitazama kile kikombe. Akamtazama mkewe. Puliza hakushusha macho. Alikuwa anaona mambo mawili kwa wakati mmoja: kitanda cha hospitali na damu kwenye pazia, na mtoto asiye na meno anayesubiri kutafuniwa.

Nyundo akanywa. Akarudisha kikombe. "Tena."

Akampa tena. Akampa na cha tatu. Nyundo akapangusa mdomo, akatoka. Puliza alichanganya chumvi na sukari kwenye chupa, mikono ikimwaga huku na huku, akaificha chini ya mtandio na kumfuata.

Nyundo aliingia bandani. Alinyoosha mkono, akakitoa kisu msumarini, nzi wakatawanyika. Mchunaji alikuwa ameshaweka chini kisu chake kipya. Alisimama chini ya kulabu, mikono mitupu.

Nyundo alianza na mpini wa kisu. Alimpiga nao mdomoni, na sauti ilikuwa ya kuni kavu. Meno yakaanguka kwenye mfereji wa damu. Akampiga tena, yeye asiyerudia pigo. Akarudia, na kurudia, mpaka kijana akaenda chini, na Nyundo akamwekea goti kifuani. Akavuta shati lake juu. Akagusa ncha ya kisu chini ya kitovu.

"Ni hapa," aliuliza, "au ilikuwa chini zaidi?"

"Hapohapo, shemeji," alisema kijana, damu ikimbubujika. "Hukukosea."

Puliza alikuwa mlangoni, chupa kifuani. Ncha ilizama kidogo. Doa jekundu likafunguka kwenye ngozi.

Ndipo tumbo la Nyundo likamshika. Watu waliona uso wake ukikunjamana, wakadhani ni hasira. Alijikunja katikati, akajaribu kusimama, akaanguka upande. Maji aliyoyanywa yakamtoka kwa nguvu, yakapita kwenye suruali, yakajaa viatu vya mpira, yakaungana na damu ya ng'ombe kwenye mfereji. Kisu kilimtoka mkononi. Alilala akikakamaa vidole, jasho la baridi usoni, mtu aliyeangusha mafahali.

Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Nani anacheka?" Alikuwa mchunaji. Alijizoa pale chini, uso hauna sura, akazungusha macho bandani. "Njoo mbele ucheke."

Hakuna aliyekwenda. Puliza alikuwa ameshaifungua chupa na kumwinua mumewe kichwa. "Funda moja. Meza. Jingine." Kisha mdogo wake akainama, akamweka Nyundo mgongoni, na kumbeba hivyo hadi barabarani, damu yake ikidondoka mbele na uchafu wa shemeji yake ukitiririka nyuma.

*

Walimtundikia dripu, moyo ukarudi mahali pake. Muuguzi mkubwa alimtazama Puliza kwa muda mrefu, na Puliza akatazama sinki.

Walipobaki wawili, Nyundo alisema, "Ulinipa maji."

"Uliomba."

"Naomba kila siku."

"Na kila siku nakunyima. Leo hukushangaa?"

"Nilishangaa," alisema Nyundo, na akageukia ukuta. Baadaye akauliza kisu kiko wapi.

"Ninacho mimi."

"Ni changu, kwa desturi."

"Njoo mezani ukichukue."

Hajakwenda kukichukua. Puliza alikiosha kwa chumvi, akakinoa, na ndicho anachokatia mafuta ya matumbo mpaka leo, mbele ya macho ya wote. Nyundo alipopata nguvu alirudi machinjioni, lakini si kwenye pete ya chuma. Anavuta kamba tu, anawaleta wanyama, mwingine anapiga. Mchunaji akipita humwambia, "Shemeji," kwa mdomo wake wenye pengo. Nyundo hajaitikia hata siku moja. Mke naye hajapigwa tena, ingawa hakuna aliyeahidi.

Kila alfajiri, akishachomwa sindano yake, Nyundo husema, "Naomba maji," na Puliza humletea kikombe. Nyundo hukipokea kwa mikono miwili. Huonja kwanza kwa ncha ya ulimi. Akikuta chumvi, hunywa.